Jumba Linapobeba Hatia: Hofu, Mapenzi na Taharuki katika Riwaya ya Rebecca ya Daphne du Maurier

Utangulizi

Riwaya ya Rebecca, iliyoandikwa na Daphne du Maurier wa Uingereza na kuchapishwa mwaka 1938, imekuwa ikisomwa kwa namna mbili. Wapo wanaoiweka katika fungu la riwaya pendwa za mapenzi: msichana maskini anaolewa na mtu tajiri mwenye siri, anaingia katika jumba kubwa, anatishwa, na mwishowe anabaki na mume wake. Wapo wanaoihesabu katika ukoo wa riwaya za kigothi, ukoo ulioanza na The Castle of Otranto ya Horace Walpole (1764), ukapita kwa Ann Radcliffe na kufika kwa Charlotte Brontë katika Jane Eyre (1847). Makundi haya yanatofautiana juu ya thamani ya kifasihi ya riwaya, lakini yanakubaliana katika jambo moja: kwamba kinachotisha katika riwaya ni jumba la Manderley pamoja na marehemu anayeonekana kulitawala.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba makubaliano hayo ndiyo yanayopaswa kutiliwa shaka. Jumba linatisha kwa sababu msimulizi analifanya litishe, na kadiri linavyotisha ndivyo macho ya msomaji yanavyozidi kuondoka kwa mtu mmoja aliyefanya kosa la kweli. Mapenzi na taharuki, ambazo kwa kawaida huchambuliwa kama vipengele viwili vilivyounganishwa ili kumfurahisha msomaji, katika riwaya hii zinafanya kazi moja ya kumfanya msomaji atamani muuaji asikamatwe.

Muhtasari mfupi unatosha. Msichana asiyetajwa jina, aliyeajiriwa kuwa mwandani wa bibi tajiri wa Kimarekani, anakutana mjini Monte Carlo na Maxim de Winter, mgane mwenye jumba la Manderley katika pwani ya Cornwall. Wanaoana baada ya muda mfupi sana. Huko Manderley anakuta kila kitu kinaendeshwa kwa desturi za mke wa kwanza, Rebecca, anayesemekana kuzama baharini, na kwamba desturi hizo zinalindwa na msimamizi wa nyumba, Bi Danvers. Siku moja meli inakwama karibu na ghuba. Mpiga mbizi anayetumwa kuikagua anaikuta mashua ya Rebecca chini ya maji, na ndani yake mna maiti. Ndipo Maxim anapokiri mbele ya mke wake kwamba yeye ndiye aliyempiga Rebecca risasi.

Suala la mzimu

Hakuna mzimu katika riwaya hii. Hakuna mlango unaofunguka wenyewe, hakuna sauti usiku, hakuna kivuli kisichopata maelezo. Jambo hili ni muhimu kwa anayeihakiki riwaya kwa Kiswahili, kwa kuwa lugha humlazimisha kuchagua neno, na kila neno lina madai yake. Akisema jumba lina mashetani, au limeingiliwa na pepo, atakuwa ameleta viumbe ambao riwaya haina. Neno mzimu linakaribia zaidi, na si kwa sababu ya maana ya roho ya mfu peke yake. Katika matumizi ya kale, mzimu ni pia mahali: pango, mti au gofu ambako watu hupeleka sadaka, na ambako kwa kawaida kuna mtu anayepatunza. Kwa maana hiyo chumba cha Rebecca katika upande wa magharibi wa jumba, unaotazama bahari, ni mzimu kamili. Vazi la kulalia, viatu vya ndani, na brashi za nywele juu ya meza ya kujipambia vyote vimewekwa kama vilivyokuwa, na Bi Danvers huvifuta vumbi kila siku kwa mkono wake mwenyewe. Nguvu ya mahali hapo inatokana na utunzaji huo. Mtunzaji akiondoka, kitabaki chumba chenye nguo za mwanamke aliyekufa.

Fasihi ya Kiswahili ina riwaya inayolitumia neno hili kwa namna inayosaidia ulinganisho. Katika Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla (1960), mauaji yanahusishwa na mahali panapoogopwa kwa sababu ya mzimu, na kazi ya mpelelezi Bwana Msa ni kutenganisha hofu ya mahali na kitendo cha mtu. Abdulla anauondoa mzimu ili muuaji aonekane. Du Maurier pia anauondoa mzimu, maana ungamo la Maxim linamaliza kabisa ile dhana kwamba Rebecca alipendwa na bado anapendwa. Tofauti ni kwamba mzimu unapoondoka, muuaji anabaki amekaa maktabani kando ya mke wake, naye msomaji anamwonea huruma.

Namna jumba linavyotengenezwa litishe

Ufundi mkubwa wa riwaya umo katika vitu vidogo vya matumizi ya nyumbani. Ukimtoa msimulizi na woga wake, yanayotokea Manderley katika nusu ya kwanza ya kitabu ni mambo ya kawaida ya nyumba kubwa: orodha ya vyakula inaletwa ithibitishwe, barua zinaandikwa baada ya kifungua kinywa, maua yanapangwa, mbwa anatolewa nje. Kila moja ya shughuli hizi tayari ina mwenyewe.

Tukio la simu ndilo mfano bora. Asubuhi yake ya kwanza, msimulizi amekaa kwenye meza ya kuandikia ya Rebecca, penye vijisehemu vyenye lebo kwa mwandiko wa Rebecca. Simu inalia, na sauti inamwita Bi de Winter. Anajibu kwamba Bi de Winter amekufa zaidi ya mwaka mmoja uliopita. Kisha anatambua kwamba aliyepiga ni Bi Danvers, kwa simu ya ndani ya nyumba, na kwamba Bi de Winter aliyeitwa ni yeye mwenyewe. Katika mazungumzo hayo hayo anaulizwa kuhusu sosi ya nyama, kwa kuwa nafasi yake katika orodha imeachwa wazi, naye anaagiza itolewe ile ambayo Bi de Winter angeichagua. Hapa hakuna aliyemtisha. Mtumishi ameuliza swali la jikoni, na mke mwenye haki zote za kisheria amejiua kwa maneno yake mwenyewe na kumrudishia marehemu cheo.

Mtindo huo unarudiwa mara nyingi. Leso yenye herufi R na doa la rangi ya mdomo inapatikana katika mfuko wa koti la mvua ambalo msimulizi amelivaa kwa haraka. Hata kabla ya kufika Manderley, alikwisha kukata na kuchoma ukurasa wa kitabu cha mashairi ambao Rebecca aliandika jina lake. Katika usiku wa karamu ya mavazi anashuka ngazi akiwa amevaa vazi jeupe lililonakiliwa kutoka picha ya Caroline de Winter, kwa ushauri wa Bi Danvers, bila kujua kwamba Rebecca alivaa vazi hilohilo katika karamu ya mwisho. Msichana asiye na jina anavaa koti la Rebecca, anakalia kiti cha Rebecca, na sasa anaonekana ngazini kwa umbo la Rebecca. Hili ni tofauti na mtu kuingiliwa na pepo. Anayeingia katika mwili wa mwingine hapa ni aliye hai, naye anauingia kwa hiari.

Katika jamii zinazojua mitala, msomaji atautambua uhusiano huu upesi kuliko msomaji ambaye du Maurier alimwandikia. Msimulizi anaishi na mke mwenza. Anapima kila neno la mume kwa kipimo cha yule mwingine, anahesabu nani alipewa chumba kipi, anawadodosa watumishi na ndugu wa mume. Riwaya yenyewe haizungumzii mitala hata kidogo, wala isilazimishwe kufanya hivyo. Ila istilahi ya ukewenza inafichua jambo ambalo istilahi ya kigothi inalifunika. Katika ukewenza wivu hauna maana bila mwanamume anayewaweka wanawake wawili katika mizani. Katika riwaya za majumba ya kutisha, mizani hiyo hukabidhiwa nyumba, na mume anatembea ndani yake kana kwamba naye ni mgeni aliyeonewa.

Mtuhumiwa asiyetuhumiwa

Mwaka 1973 Joanna Russ, mwandishi na mhakiki wa Marekani, alichapisha makala kuhusu riwaya za kigothi za mapenzi zilizokuwa zikiuzwa kwa wingi nchini mwake wakati ule, aina iliyopewa nguvu na vitabu kama Mistress of Mellyn cha Victoria Holt (1960), nacho pia kimewekwa Cornwall. Kichwa cha makala yake kilibeba mzaha ulio wazi: mtu fulani anataka kumuua mhusika mkuu wa kike, naye anadhani mtu huyo ni mumewe. Russ alionesha kwamba katika kanuni ya kazi hizo shaka juu ya mwanamume mkali na mwenye siri huwa si ya haki. Mwisho hudhihirika kwamba yeye hana hatia na ndiye mpenzi wa kweli, ilhali yule mwanamume mpole wa pembeni ndiye mhalifu.

Rebecca, ambayo riwaya nyingi za namna hiyo zinadaiwa nayo, imeupindua mpango huo tangu mapema. Msimulizi hamshuku mumewe hata mara moja. Anamwogopa kidogo, anaogopa ukimya wake na hasira zake za ghafla, lakini maelezo anayojipa ni yaleyale: bado anampenda Rebecca. Na mtu huyu asiyeshukiwa ndiye aliyeua. Kinyume chake Jack Favell, binamu wa Rebecca, mlevi, mwenye maneno ya kuchukiza na anayetaka hongo, ndiye mtu pekee anayesema ukweli kuhusu kifo kile. Du Maurier amempa ukweli mhusika ambaye msomaji hapendi kukaa naye chumba kimoja. Huo ni uamuzi wa kisanaa wenye ujasiri, na uhakiki unaoisoma riwaya hii kama hadithi ya kujifariji tu haujauona.

Athari yake inaonekana wazi katika tukio la ungamo. Maxim anaeleza jinsi alivyokwenda na bunduki kwenye kibanda cha ufukweni, maneno ambayo Rebecca alimwambia, jinsi alivyopiga, jinsi alivyoubeba mwili hadi mashuani na kutoboa mashua izame. Msimulizi anasikia jambo moja tu, kwamba hakumpenda Rebecca. Anahisi ametuliwa mzigo. Kwa kurasa mia kadhaa usimulizi umemfunza msomaji kwamba swali la riwaya ni nani anayependwa, na sasa swali hilo limejibiwa vizuri, hata jibu la swali jingine, nani aliyeua, linapita kama maelezo ya ziada. Hapa ndipo mapenzi yanapofanya kazi ya wakili wa utetezi.

Asubuhi inayofuata msimulizi anaikataa orodha ya vyakula. Anafuta vilivyoandikwa, anaagiza chakula cha moto, na Bi Danvers anapokuja kulalamika anamkumbusha nani sasa ni mwenye nyumba. Wahakiki wengi wanaliona tukio hili kama kukomaa kwa mhusika, na kwa kiwango fulani ni kweli, kwani kwa mara ya kwanza anatumia jina lake la ndoa bila kutetemeka. Lakini inafaa kuuliza kilichompa nguvu hizo. Kilichobadilika kati ya jioni na asubuhi ni kwamba amejua siri ya kifo na amekubali kuificha. Mamlaka juu ya jiko yamenunuliwa kwa kunyamaza.

Baada ya hapo taharuki inageuza uelekeo. Hapo awali ilimhusu msimulizi: atafukuzwa, atadhalilishwa, atajirusha dirishani kama Bi Danvers anavyomnong'oneza? Sasa inamhusu Maxim: je, atagunduliwa? Fundi wa mashua, Tabb, anaeleza mbele ya baraza la uchunguzi wa kifo kwamba mashua ilitobolewa kutoka ndani, na msomaji, ambaye katika riwaya nyingine yoyote angefurahi kumsikia shahidi mwaminifu, anatamani fundi huyu anyamaze. Baraza linaamua kwamba Rebecca alijiua. Favell anapomleta Ben, mtu mwenye upungufu wa akili ambaye huzurura ufukweni, msomaji anaomba Ben asiseme kitu. Naye hasemi. Anaogopa kupelekwa katika hospitali ya wendawazimu, tishio ambalo Rebecca alimpa zamani na ambalo sasa linamlinda aliyemuua Rebecca. Hakimu wa eneo, Kanali Julyan, anakula chakula mezani kwa mtuhumiwa, na Maxim mwenyewe baadaye anaamini kwamba kanali huyo ameelewa kila kitu. Tabaka la wenye mashamba na majumba linalindana kwa adabu nzuri kabisa. Fundi, mtu dhaifu wa akili na mlevi aliyeshuka hadhi ndio waliobeba ushahidi, na hakuna kati yao anayefaulu.

Je, Rebecca anahukumiwa kwa ushahidi gani?

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Inaweza kusemwa kwamba riwaya inampa Maxim sababu: Rebecca alikuwa mkatili na mwongo, na alimchokoza kwa makusudi kwa kudokeza kwamba angezaa mtoto wa mwanamume mwingine na kumfanya mrithi wa Manderley. Ingekuwa rahisi kujibu kwamba habari zote hizi zinatoka kinywani mwa muuaji. Jibu hilo halitoshi, kwa sababu si kweli kabisa. Bi Danvers, anayempenda Rebecca kuliko mtu yeyote, ndiye anayethibitisha kwamba aliwacheka wanaume wote waliompenda. Ben anamkumbuka kwa woga. Rebecca wa riwaya hakuwa mtu mwema, na uhakiki wa kifeministi unaomfanya shujaa safi wa uhuru wa wanawake unalazimika kuzifunika kurasa hizi.

Lakini kutokuwa mwema si kosa la kustahili risasi, na inaelekea riwaya yenyewe inalijua hilo, kwani haitosheki na tabia yake. Inamfuata hadi ndani ya mwili. Katika sura za mwisho daktari wa London anasoma kumbukumbu zake: mgonjwa alikuwa na saratani isiyotibika, na tena maumbile yake yasingemwezesha kamwe kupata mtoto. Taarifa ya kwanza inampa sababu ya kujiua na hivyo kumwokoa Maxim. Taarifa ya pili haihitajiki kwa lolote katika msuko. Imewekwa ili mwanamke aliyetishia urithi wa jumba aonekane alikuwa tasa tangu mwanzo, kana kwamba maumbile yalimhukumu kabla ya mumewe. Hapa ndipo riwaya inapokuwa dhaifu. Hadi wakati huo du Maurier alikuwa amemwacha msomaji na aibu yake ya kumtetea muuaji. Nyumbani kwa daktari anamsaidia kuiondoa.

Ushahidi wa filamu

Ugumu wa kimaadili wa riwaya unapimwa vizuri na kilichotokea ilipohamishiwa kwenye filamu. Alfred Hitchcock aliitengeneza mwaka 1940, chini ya mzalishaji David O. Selznick, na filamu hiyo ikapata tuzo ya Oscar ya filamu bora. Kanuni za maadili zilizotawala filamu za Marekani wakati ule hazikuruhusu muuaji aachwe bila adhabu. Kwa hiyo katika filamu Rebecca anaanguka na kugonga kichwa, na Maxim ana kosa la kuficha maiti tu. Badiliko hilo linaonekana dogo, kwa sababu matukio mengine mengi yanabaki yalivyo. Hata hivyo, linafuta kazi yote iliyoelezwa hapo juu. Mke anayemficha mume asiye na hatia ni mke mwaminifu, basi. Mtazamaji hajaombwa chochote kizito.

Badiliko la pili linahusu moto. Katika filamu Bi Danvers anaonekana ndani ya jumba linaloungua, na mtazamaji anaridhika kwamba mwovu amejulikana na ameadhibiwa. Katika riwaya, taarifa inafika kwa simu London kwamba Bi Danvers amefungasha vitu vyake na kutoweka, kisha Maxim na mkewe, wakirudi usiku kwa gari, wanaona wekundu upande wa Manderley. Haisemwi ni nani aliyewasha. Riwaya imekataa kumkabidhi msomaji mkosaji, na kwa kuwa imekwisha kumzoesha kulilaumu jumba, jumba lenyewe ndilo linaloteketea. Maxim hapati adhabu ya mahakama. Anachopoteza ni mali.

Ikumbukwe kwamba msomaji alipewa habari za mwisho huu katika sura za mwanzo. Riwaya inaanza baada ya kila kitu kwisha: Manderley ni gofu linalotembelewa katika ndoto, na wanandoa wanaishi ugenini, wakihama hoteli hadi hoteli. Mbinu rejeshi hii kwa kawaida huelezwa kama chombo cha kujenga taharuki, na ndivyo ilivyo. Lakini mwenye kuzirudia sura hizo baada ya kumaliza kitabu atakuta jambo lililomponyoka mara ya kwanza. Msimulizi humsomea mumewe magazeti yanayotoka Uingereza. Amejifunza yapi asome na yapi aruke. Matokeo ya kriketi hayana hatari. Chochote kinachoweza kurudisha kumbukumbu ya nyumbani anakiacha au anakisoma peke yake, na huutazama uso wa mumewe ili ajue lini anyamaze. Bi Danvers alikitunza chumba cha marehemu kisibadilike. Msichana aliyemwogopa sasa anamtunza mtu aliye hai kwa uangalifu uleule, siku baada ya siku, katika vyumba vya kupanga visivyo na kitu cha kufuta vumbi.